Tumaini la Kiasi
Mfumo endeshi, yaani programu kuu inayoisimamia kompyuta na kuziwezesha programu nyingine kufanya kazi, hutangazwa kila toleo kuwa mwerevu zaidi, ilhali watumiaji wengi huomba tu usivuruge walichokwisha kuzoea. Microsoft ilikiondoa kitufe cha Start, kile cha kufungulia menyu ya programu, katika mfumo wake endeshi wa Windows 8 mwaka 2012, ikakirejesha mwaka uliofuata katika toleo la 8.1, na mwaka 2021 Windows 11 ikakisogeza katikati ya upau wa kazi, ule ukanda wa chini ya skrini ambao wenyewe ulinyimwa ruhusa ya kuhamia ubavuni (na hayo nayo yakaitwa maendeleo). Haishangazi, basi, kwamba anachotamani mtumiaji katika mfumo wa kesho ni usasishaji, yaani kupachikwa marekebisho mapya, utakaosubiri mpaka amalize kuandika barua yake.