Waranti ya Pikipiki Mpya

Ukikabidhiwa pikipiki mpya ya mkataba pale Tunduma, bosi anabaki na kadi, wewe unapewa funguo na kijitabu cha waranti. Mgawanyo wa haki kabisa. Kioo cha pembeni kinacheza? Kaza mwenyewe. Mshale wa spidi umelala kwenye sifuri? Afadhali, shahidi mmoja amepungua. Oili inavuja? Hapo ndipo unapoanza kukuna kichwa. Wenye waranti wako Mbeya, kilomita 100 na ushee, na bosi anataka hesabu yake jioni, iwe imevuja au haijavuja.

Halafu kuna kile chuma ulichochomelea nyuma siku ya pili tu, ili upite na magunia katikati ya malori yanayosubiri kuingia Zambia. Kijitabu kinasema ukiongeza chochote, waranti kwaheri. Basi unaripoti honi peke yake, tena kwa simu: “Samahani kaka, inakohoa kidogo.” Oili unampelekea fundi wa kando ya barabara. Yeye hana kijitabu, ana ushauri: “Usizime mpaka Vwawa.”