Kufuli la Desemba

Mali ya mtu aliye likizoni hulindwa sehemu mbili: alikotoka na anakokwenda. Kwa Mhaya arudiye Bukoba au Muleba kila Desemba, sehemu ya kwanza huharibika mapema. Basi halijafika Biharamulo, picha zimeshapanda WhatsApp, na mwizi wa Dar es Salaam amejua kwamba nyumba iko peke yake hadi Mwaka Mpya upite. Anayepitia Mwanza huongeza picha ya meli usiku, ikielekea Kemondo, mwizi asije akabaki na shaka.

Melini na stendi kanuni ni zilezile: fedha zigawanywe, simu isichajiwe kwa jirani asiyefahamika, begi lifungwe mguuni kabla usingizi haujaja.

Kijijini ndiko kwenye kazi. Jumba lililofungwa miezi 11 katikati ya migomba lina nondo madirishani, geti la chuma na kufuli la bei mbaya. Mlinzi wake ni mzee mwenye fimbo, ambaye pia ndiye mwenye funguo zote na ndiye ajuaye mkungu upi umekomaa. Senene waliokaangwa huibwa hadharani, na mwizi huwa mgeni wa heshima, sahani mkononi.

Hasara kubwa, hata hivyo, huingia mchana kwa mlango wa mbele, ikibisha hodi: ada ya mtoto wa binamu, mchango wa harusi, bati za shangazi. Nondo haizuii salamu, wala polisi hawafungui jalada kwa ajili ya shangazi.