Herufi Kubwa, Siri Hakuna

Mtu mwenye uoni hafifu hana siri ofisini. Barua ninayosoma mimi inasomwa pia na mhasibu wa meza ya pili, na dada anayepita na chupa ya chai, na mgeni aliyekuja kuulizia choo kiko wapi. Skrini yangu nimeikuza mara sita, na herufi moja inakaribia ukubwa wa kiganja. Juzi nikawa nasoma ukumbusho wa mkopo wangu kutoka chama cha akiba. Nilipofikisha kishale kwenye kiasi ninachodaiwa, nikasikia mtu anaguna nyuma yangu: "Duh! Pole sana, kaka." Sijui alikuwa nani. Alikuwa mbali, na mimi ndiye nisiyeona.

Hayo nimeshayazoea. Leo nina ugomvi na mafundi wa programu huria, tena kwa mapenzi, maana programu zao ndizo ninazotumia.

Kwanza tuelewane. Kila anayeniona nimegandisha pua kwenye kioo huniambia, "Kavae miwani." Ninayo! Kwa kipimo cha kimataifa, mwenye uoni hafifu ni yule ambaye hata akishatibiwa na kuvishwa miwani, jicho lake lililo zuri zaidi halifikii 6/18. Yaani anachokiona mwenzake akiwa mita 18, yeye mpaka asogee hadi mita 6. Kijana wetu wa kompyuta naye ana dawa yake: "Mzee, ongeza saizi ya fonti tu." Nikiongeza fonti, maandishi yananenepa, lakini vitufe, alama na ile barua iliyoskaniwa kutoka wizarani vinabaki vidogo vilevile. Ndiyo maana nahitaji kikuza skrini, kinachokuza kila kitu bila kuchagua.

Nacho kina gharama yake. Ukikuza mara nne, unaona sehemu moja tu kati ya 16 za skrini. Ukikuza mara sita kama mimi, moja kati ya 36. Ni kama kutazama harusi kupitia tundu la ufunguo: leo umeona kiatu cha bwana harusi, kesho sikio la shangazi. Naandika nywila, nabonyeza, kimya. Nabonyeza tena, kimya. Kumbe kule juu kulia kuna maneno mekundu yanasema nywila si sahihi. Mimi niko chini kushoto, nayo hayakuona haja ya kunifuata. Nikifika huko, yameshabadilika: akaunti imefungwa, wasiliana na msimamizi. Msimamizi ni yuleyule kijana wa fonti.

Mtaniuliza, kwa nini usinunue programu ya maana? Zipo. ZoomText ya kwenye Windows ni kongwe na inafanya kazi, lakini leseni yake inalipiwa kwa dola, na deni langu ofisi nzima imeshalisoma. Linux, mfumo wa kompyuta ninaoutumia, ni ya bure. Nikitaka kukuza skrini kwenye GNOME, mojawapo ya mazingira ya madirisha ya Linux, nashika kitufe chenye nembo ya Windows, Alt na namba 8. Ndiyo, nembo ya Windows. Hata ukihama nyumba ya mtu, mlango unaufungua kwa ufunguo wake.

Tatizo ni kwamba kikuza chetu hakikualikwa rasmi tangu mwanzo. Mwaka 2006 ilipokuja Compiz, programu ya kupamba madirisha ya Linux, vijana waliifurahia kwa sababu madirisha yalitikisika na skrini iligeuka mchemraba. Katikati ya vile vichekesho kulikuwa na ukuzaji laini kabisa, na wengi wetu tukauokota humo. Sun Microsystems ilikuwa na watu wanaolipwa kushughulikia ufikivu wa GNOME, yaani watu wenye ulemavu nao waweze kuitumia. Oracle ikainunua Sun mwaka 2010, na miongoni mwa walioachishwa kazi akawemo Willie Walker, aliyekuwa akiongoza shughuli hiyo. Mwaka uliofuata ikatoka GNOME 3, kikuza kikiwa kimejengwa ndani yake. Tukashukuru.

Sasa tumehamishwa tena. Kwa miongo mingi madirisha ya Linux yalichorwa na X11, mfumo wa mwaka 1987 ambao hauna aibu: programu yoyote iliweza kuona skrini nzima, pamoja na unachoandika kwenye programu nyingine. Wayland, iliyoanzishwa mwaka 2008 na Kristian Høgsberg, ikasema ukome umbea. Kila programu ione dirisha lake. Wezi wamekosa, na ni vizuri. Lakini kikuza nacho kazi yake ni hiyohiyo, kuangalia madirisha ya watu. Kwa hiyo kikuza kilichoandikwa pembeni, kifanye kazi popote, hakina nafasi tena. Anayeruhusiwa kukuza ni msimamizi wa madirisha (si yule kijana wa fonti, bali programu inayopanga madirisha yote). GNOME wana wa kwao, KDE wana wa kwao, na mazingira madogo yajitegemee yenyewe. Ukihama mtaa, unaanza kujifunza kuona upya.

Na hakuna kurudi nyuma. Ubuntu 25.10, mojawapo ya matoleo ya Linux, ilitoka Oktoba 2025 bila mlango wa kuingilia GNOME kwa X11. KDE nao wametangaza kwamba mazingira yao, Plasma, kuanzia 6.8 yatakuwa ya Wayland peke yake. Kila nikilalamika naambiwa, "Hayo ndiyo maendeleo, mzee." Sijayakataa. Nataka tu yanisubiri nivae viatu.

Ngoja niwaonyeshe linaponibana. Nikiandika, nataka kikuza kifuate kishale cha maandishi chenyewe, nisikikimbize kwa kipanya. Kwenye Wayland, programu inajua kishale kiko wapi ndani ya dirisha lake, lakini dirisha lenyewe halijui liko wapi kwenye skrini. Anayejua ni msimamizi wa madirisha. Basi mpaka hao wawili wazungumze, mimi naandika sentensi nzima gizani, nakuja kukuta nimemwandikia mkurugenzi "mapenzi" badala ya "mapendekezo".

Dawa imeanza kuchemshwa. Mwaka 2023 mfuko wa Ujerumani uitwao Sovereign Tech Fund uliipa GNOME euro milioni moja, na sehemu ya kazi iliyolipiwa ni ya Matt Campbell, ambaye naye ana ulemavu wa kuona. Mradi wake, Newton, unapitisha habari za ufikivu kwa msimamizi yule yule wa madirisha. Aliuonyesha mwaka 2024, ukiwa bado wa majaribio. Hapo ndipo kesho ya kikuza ilipo: kijengwe ndani ya msingi, kisibandikwe baada ya rangi kukauka. Na wakishamaliza hilo, waje kwenye ukungu. Kikuza cha sasa kinatanua picha iliyokwisha kuchorwa, kwa hiyo ukifika mara sita "a" na "e" zinakuwa mapacha. Herufi ichorwe upya kwa ukubwa ninaoutaka, basi. Kompyuta hii hii inachora michezo ya vita mpaka jasho la askari linaonekana. Inashindwaje na "e"?

Wewe unayeandika programu, nina ombi moja. Kabla ya kutoa toleo jipya, kuza skrini yako mara sita, kisha jaza fomu yako mwenyewe kuanzia juu hadi chini, bila kupunguza ukubwa hata mara moja. Ukikipata kitufe cha kuhifadhi, litoe. Usipokipata, usilitoe.