Jinsi ya Kupiga Dedilifti Bila Chuma cha Duka

Sikiza, ndugu yangu. Unataka mgongo mpana na mapaja ya kujaza suruali, na ungependa watu wa ploti waone tofauti kabla ya Krismasi. Ni haki yako, na dedilifti, yaani kuinua mzigo kutoka sakafuni hadi usimame wima, itakufikisha. Jimu iliyo karibu nawe, iwe Makina kule Kibera au Gatina huku Kawangware, ina sakafu ya udongo, ukuta wa mabati na pengine benchi moja la mbao. Kile chuma kirefu cha kilo 20 unachokiona kwenye simu hakipo. Usikisubiri. Pita huku.

1. Achana na chuma, shika zege.

Chuma cha mtaani kina maswali. Januari 2022 Rais Uhuru Kenyatta alisimamisha biashara ya vyuma chakavu nchi nzima, kwa sababu ya uharibifu wa miundombinu kama ya umeme. Marufuku iliondolewa miezi michache baadaye, lakini ukionekana umebeba gurudumu la chuma usiku, bado utaulizwa umelitoa wapi. Reli ya kwenda Kisumu inakatiza Kibera. Usithubutu hata kuitazama kwa jicho la mazoezi. Zege halina kesi.

Tena ni rahisi. Lita moja ya zege ina kilo 2.4 hivi. Kopo la rangi la lita 4 likijaa linafika kilo 9 na nusu. Ndoo ya lita 20, kama kilo 48. Ndoo mbili kwenye ncha mbili za paipu, na tayari unakaribia kilo 100. Changanya simenti moja, mchanga mbili, kokoto tatu. Ndoo zote mbili zinakula kama theluthi moja ya mfuko wa kilo 50. Ukimfahamu fundi wa mjengo, mfikie siku ya kumwaga slabu, ukiwa na ndoo zako mkononi na soda yake baridi.

Sasa njoo karibu nikuambie utamu wake. Kwa ukubwa uleule, chuma kina uzito zaidi ya mara tatu ya zege. Maana yake zege lako ni jitu kwa macho. Aliyezoea sahani za chuma akiona ndoo zako mbili, atakisia kilo 300. Mwache akisie. Usiandike namba yoyote juu ya ndoo. Zipake rangi nyeusi, basi. Akikuuliza ni kilo ngapi, vuta pumzi, ujipanguse jasho, umwambie, "Leo nimepunguza kidogo."

2. Mpe zege muda wake.

Hapa ndipo vijana wengi huharibu. Mwambie fundi wa jua kali achomelee vipande vya chuma vilivyopishana kama msalaba kwenye kila ncha ya paipu, la sivyo ndoo itachomoka ukiwa katikati ya kuinua na mguu wako uko chini yake. Mimina upande mmoja, uache usimame siku mbili tatu, ndipo ugeuze umimine wa pili. Kisha nyunyizia maji kila siku kwa wiki nzima. Wajenzi hupima nguvu za zege siku ya 28, na wana sababu. Najua picha unaitaka kesho. Piga picha ya paipu.

Paipu ikiwa nene, viganja vitachoka kabla ya mgongo. Usione haya. Mfaransa Louis Uni, aliyejiita Apollon, alijipatia jina mwishoni mwa karne ya 19 kwa kuinua ekseli ya magurudumu ya reli yenye kilo 166 na unene wa karibu sentimita 5, na mashujaa wengi waliomfuata walishindwa kuiinua. Wewe nenda Toi Market, tafuta mkanda wa mtumba wa kitambaa kigumu, uzungushe kwenye kifundo cha mkono na kwenye paipu. Ni wizi mdogo, na mgongo haulalamiki.

3. Iba urefu.

Sahani kubwa za mashindano zina upana wa sentimita 45, kwa hiyo chuma chake huanzia sentimita 22 na nusu kutoka chini. Kopo la lita 4 litakuweka kama sentimita 9 tu, na huko ndiko migongo inakokunjika. Weka kila kopo juu ya jiwe la kujengea la inchi 6, ulizuie lisibingirike. Utakuwa karibu sawasawa na bingwa wa dunia, kwa bei ya mawe mawili.

4. Mfuko ukiwa mtupu kabisa, kuna mitungi.

Mtungi wa lita 20 wenye maji ni kilo 20. Ukiujaza mchanga mkavu, kama kilo 32. Simama katikati ya mitungi miwili, mmoja kila upande, uinuke. Kwa anayeanza, hii ni nzuri kuliko chuma, maana mzigo uko ubavuni na haukuvuti mbele. Ikizoeleka, simama kwa mguu mmoja. Gharama haikuongezeka hata shilingi, ila paja moja sasa linafanya kazi ya mawili, na watoto wa jirani watakusanyika wenyewe.

5. Kwenye mgongo, usiibe.

Hapa nakuomba kwa dhati. Peleka makalio nyuma, kifua juu, mgongo unyooke, mzigo usugue miguu mpaka juu. Uti wa mgongo ukianza kupinda, weka chini, hata kama kamera inawaka. Kesho kuna mkokoteni wa kusukuma au mjengo wa kwenda, na anayelipwa kwa siku akiumia mgongo, nyumba nzima inalala njaa.

6. Teremsha polepole.

Wanaoangusha chuma kwa kishindo wana sakafu ya mpira. Zege likianguka linapasuka. Hesabu hadi nne ukishuka, na tandika tairi kuukuu chini ya kila ndoo. Misuli inafanya kazi ukishuka pia, kwa hiyo marudio matano ya hivi yatakuchosha kuliko kumi ya haraka. Ndoo ikipata ufa, ifunge waya wa kufungia nondo, uizungushe mara kadhaa, na uanze kuulizia ni lini fundi anamwaga slabu nyingine.