Tendo la Tatu Liko Sehemu ya Pili

Kazi ya kwanza ya kubuni katika kozi ya uandishi wa filamu haiandikwi na mwanafunzi. Huandikwa na mwalimu, nayo huitwa mpango wa kozi. Wangu ulikuwa mtamu. Wiki ya kwanza: wazo. Wiki ya pili: mhusika. Wiki ya tatu: mgogoro. Ukaendelea hivyo hadi wiki ya kumi na tano, ambapo kila mwanafunzi angekabidhi skripti safi ya dakika kumi na sote tungepiga makofi. Kikao cha idara, ambacho huweza kubishania mkato kwa saa nzima, kiliupitisha bila swali. Hiyo ilikuwa dalili mbaya.

Wiki ya kwanza hakuja mtu. Mwanafunzi wa chuo anajua kuwa wiki ya kwanza ni ya kuulizana ratiba, na ya pili ni ya kusubiri bumu, yaani pesa za mkopo. Wiki ya tatu wakaja wote, na hao wote walikuwa wengi mno. Nilikuwa nimepanga darasa la watu ishirini, wakae duara, wasomeane kazi zao. Kumbe mabwenini ilikuwa imeenea habari kwamba kozi yangu haina mtihani wa mwisho: unaandika hadithi, unapewa alama, unakwenda zako. Wakajisajili hata vijana wa Ununuzi na Ugavi. Ukumbi ukajaa watu zaidi ya mia, wengine wamekalia madirisha, na mlangoni wamesimama wanafunzi wa Uhasibu pamoja na mhadhiri wao, wanadai ukumbi ni wao saa hiyo hiyo. Tukafungua ratiba. Ratiba ilitupa haki sote. Mgogoro, ambao kwenye mpango wangu ulikuwa wa wiki ya tatu, ulifika kwa wakati kabisa.

Wahasibu wakashinda, kwa kuwa walikuwa na mtihani. Sisi tukahamia chini ya mwembe. Siku ile nilikuwa nimeandaa vipande vya Vuta N'kuvute, filamu ya Amil Shivji ya mwaka 2021 iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, ili tuone jinsi maneno ya kitabu yanavyogeuka kuwa picha. Mwembe hauna projekta. Nikasimulia kwa mdomo, nikaigiza Denge, nikaigiza Yasmin, nikaigiza na kamera. Wapita njia wakakusanyika. Mmoja akauliza kama tunagawa vipeperushi vya mkutano wa injili.

Baada ya hapo nikatoa zoezi: chagua tukio moja kwenye riwaya, uliandike kama skripti. Niliona ni rahisi, kwa kuwa wengi waliisoma riwaya hiyo kidato cha tano na sita. Hapo ndipo palipokuwa na tatizo. Kazi ziliporudi, karibu zote zilianza na fani na maudhui. Mwandishi amefaulu kwa kiasi kikubwa. Ametumia tamathali za semi. Yasmin ni mwanamke jasiri, ana msimamo, anafaa kuigwa na jamii. Nikawauliza: kamera huona kinachoonekana, kinasasauti hunasa kinachosikika, sasa hili la "anafaa kuigwa na jamii" tutalipiga picha tukisimama upande gani? Wakanyamaza, wakaandika. Baadaye nikagundua walikuwa wanaandika swali langu, kwa kudhani litatoka kwenye mtihani.

Tukaja kwenye umbo la skripti. Nikawaeleza kuwa watu wa filamu wanapenda fonti ya Courier, iliyobuniwa na Howard Kettler miaka ya 1950 kwa ajili ya taipureta za IBM. Kila herufi yake hupewa nafasi sawa, "i" kama "m", na kwa ukubwa wa pointi 12 ukurasa mmoja hukaribia dakika moja ya filamu. Ukitaka kujua urefu wa filamu yako, hesabu kurasa. Wanafunzi wakafurahi, maana ni hesabu ambayo haina fomula. Wakaenda kuchapisha steshenari iliyo nje ya geti.

Kijana wa steshenari alizikuta herufi zimeachana kama zimegombana, akawahurumia. Akazigeuza zote kuwa Times New Roman, akapunguza nafasi kati ya mistari, akabana pambizo. Filamu ya dakika kumi ikatoka dakika sita. Nilipokwenda kumuuliza, alinijibu kwa adabu zote: "Shikamoo mwalimu. Mimi niliona hawa watoto wanatupa hela, nikawaokolea kurasa nne nne." Nina hakika studio nyingi duniani zingependa kuajiri mtu anayeweza kupunguza gharama za filamu kwa kiasi kile kabla haijapigwa picha.

Muundo nao ulikuwa na mambo yake. Nilifundisha mwanzo, kati na mwisho, ambavyo Aristotle alivisema zamani, kisha matendo matatu ya Syd Field, Mmarekani aliyechapa kitabu chake cha kufundisha skripti mwaka 1979. Kijana mmoja akakabidhi hadithi nzuri ya ndugu wawili wanaogombania nyumba ya marehemu baba yao Magomeni. Tendo la kwanza zuri. La pili zuri zaidi, mdogo mtu kashika hati ya nyumba, kaka mtu kashika panga. Ukurasa ukaishia hapo. Nikamuuliza tendo la tatu liko wapi. Akanishangaa. "Mwalimu, si liko Sehemu ya Pili?" Sikuwa na hoja. Alikulia enzi ambazo filamu za Bongo ziliuzwa kwenye DVD, hadithi moja imekatwa vipande viwili ili mnunuzi alipe mara mbili. Syd Field alijua kujenga hadithi, lakini hakuwahi kuiuza Kariakoo.

Mwingine alileta skripti isiyo na kosa hata la mkato. Shujaa wake anaishi Mbagala. Asubuhi anamkumbatia mbwa wake kwenye sofa, anajimiminia kahawa, anampigia mama yake simu na kumwambia "nakupenda sana, Mama" mara tatu kabla ya kukata. Nikajua akili mnemba imepita hapo. Sikumgombeza. Nilimwuliza tu, "Wewe mama yako umewahi kumwambia hivyo kwenye simu?" Akatafakari. "Hapana, mwalimu. Angejua nimedisko."

Sasa kuna kanuni wanayofundishwa waandishi wa filamu kila mahali: ingia kwenye tukio kwa kuchelewa, utoke mapema. Usituoneshe mtu anapiga hodi, anakaribishwa, anakaa. Tuoneshe ugomvi ukiwa umeshapamba moto. Niliifundisha kwa ukali, kwa sababu skripti zao zilikuwa zinasalimiana ukurasa mzima. Shikamoo, marahaba, hujambo, sijambo, za nyumbani, nzuri, watoto, wazima, za tangu juzi. Dakika nzima imekwenda na hakuna aliyefanya lolote. Kata, nikasema. Binti mmoja akanyoosha mkono. "Mwalimu, kijana aingie kwa wakwe asiwasalimie?" Nikasema ndiyo, ni filamu. "Basi filamu hiyo itafungiwa." Na Bodi ya Filamu? "Hapana. Na mama yangu."

Nikaamua wakasikilize watu wanavyosema hasa. Huko nyuma waandishi wetu waliweza. Twende na Wakati, mchezo wa redio ulioanza kurushwa na Radio Tanzania mwaka 1993, ulimfanya Mkwaju, dereva wa lori ambaye hayupo, azungumzwe vijiweni kana kwamba anadaiwa na kila mtu. Basi chukueni daftari, nikawaambia, mkae mahali penye watu, mwandike mnachosikia.

Aliyekwenda kwenye daladala alishushwa njiani; kondakta alitaka kujua anaandika namba za nani. Aliyekwenda kijiweni alikuta maongezi yamegeuka ghafla kuwa sifa kwa serikali. Lakini aliyekwenda kwa mama lishe alipata makubwa. Mama alimwona kijana nadhifu, kimya, anaandika na kutazama masufuria, akajua huyu ni bwana afya. Akamfutia meza mara mbili. Akamletea wali na samaki mzima, na chai ya kushushia, akakataa hela katakata. Kijana akanipigia simu jioni kuomba muda wa utafiti uongezwe.

Skripti bora ya semista ilitoka kwa kijana wa Ununuzi na Ugavi. Mhusika wake amekwenda Kondoa kwa baba mkwe kueleza kwamba mahari iliyobaki hajaipata. Anaamkia. Anauliza habari za nyumbani, za mvua, za mbuzi, za shangazi, hata za jirani aliyefariki mwaka juzi. Kurasa mbili na nusu za salamu, na kila salamu inamkaba zaidi. Mzee anajibu zote bila haraka, kwa maana anajua. Tuliisoma chini ya mwembe na hakuna aliyepiga chafya. Mwishowe mzee anakohoa kidogo, anauliza: "Na za mfukoni?"

Nikampa A. Kanuni ya kuingia kwa kuchelewa bado naifundisha, ila naongeza kuwa wakwe hawahusiki.

Kwa mhadhiri mpya atakayepewa kozi hii: andika mpango wako, upitishwe, kisha uhakikishe mwembe wako haujapangiwa Uhasibu. Mpelekee kijana wa steshenari karatasi yenye neno Courier, uibandike mwenyewe ukutani. Na kwa mama lishe wote walio karibu na vyuo: mkiona kijana nadhifu ana daftari na anatazama masufuria, mtozeni kama wateja wengine. Huyo ni mwanafunzi wangu, na bumu limeshatoka.