Shangazi wa Seva: Usiibebeshe Diski Dhambi za Waya

Safu hii ni ya wenye kompyuta isiyozimwa nyumbani: ile iliyojificha nyuma ya televisheni, imebeba filamu, picha na hesabu za duka, na haikumbukwi na mtu mpaka siku inapogoma. Shangazi amezisoma barua zenu zote. Mwenye moyo mwepesi aruke ukurasa.

Inalia usiku kucha

*Shangazi, asalaam aleikum. Mimi ni mpiga video za harusi hapa Buyenzi. Juzi umeme ulikatika, ukarudi, ukakatika tena. Tangu hapo diski inalia ka-ka-ka, inanyamaza, inaanza upya. Ndani mna harusi ambazo wenyewe hawajazipokea. Rafiki yangu anasema niifunge kwenye mfuko wa nailoni niilaze kwenye friza. – Mdaiwa wa Maharusi*

Waaleikum salaam, mwanangu. Friza ni ya samaki wetu mukeke. Diski ikitolewa kwenye baridi ile ikakutana na joto la Bujumbura na unyevu wa ziwa, itatoka jasho, na maji juu ya sakiti ni msiba wa pili.

Mlio unaousikia ni kichwa cha kusomea: kinatafuta njia yake juu ya sahani, kinaikosa, kinarudi mwanzo. Kila unapoiwasha eti uone kama imepona, unaweza kuwa unakwaruza harusi ya mtu. Izime. Kisha ijaribu mara moja tu kwa adapta nyingine ya volti zilezile, maana diski isiyopata umeme wa kutosha nayo hulia hivyohivyo.

Ikiamka, usianze kutazama video, wala usiendeshe programu ya kurekebisha. Tumia ddrescue, ambayo hunakili kwanza sehemu nzima na kuziacha mbovu ziwe za mwisho, na uimwagie diski nyingine isiyo ndogo kuliko hiyo. Ikiendelea kulia, ni kazi ya fundi mwenye chumba kisicho na vumbi. Anayetaka kukufungulia juu ya meza barabarani, mshukuru uondoke. Na maharusi waambie leo, kabla hawajasikia kwa jirani.

Nimeziacha mbili, natafuta ya tatu

*Shangazi, mwaka huu nimeachana na diski mbili. Kila moja ilianza vizuri, kisha seva ikaitupa nje ikisema inakosea kusoma. Sasa nauza redio ya marehemu babu ninunue ya tatu. Je, nina mkosi? – Mtaliki wa Ngagara*

Huna mkosi, una haraka. Redio irudishe ukutani. Andika smartctl -a na jina la diski, kisha usome mistari mitatu. Namba 5 ni sekta zilizokwisha kuharibika zikahamishwa. Namba 197 ni zile zinazosubiri hukumu. Hizo mbili zikipanda, diski inaumwa kweli. Lakini namba 199 huhesabu makosa yaliyotokea njiani, kati ya diski na mazabodi. Ikiwa 199 inapanda huku zile mbili zimekaa kwenye sifuri, mchonganishi ni waya.

Badilisha waya wa SATA, unaogharimu sehemu ndogo sana ya bei ya diski, na uukaze mpaka usikie umeshika. Jambo moja huwakosesha wengi usingizi: 199 hairudi nyuma hata ukishatengeneza. Iandike kwenye karatasi leo, ulinganishe baada ya wiki. Ikisimama palepale, umepona. Zile mbili ulizoziacha, kama bado ziko kabatini, zipime hivyohivyo, kisha uziombe radhi.

Pacha wamenisaliti wote

*Shangazi, nina diski mbili za RAID 1, kila kinachoandikwa huku kinaandikwa na kule. Mwanangu amefuta folda ya picha za marehemu baba. Nimeangalia diski ya pili, nayo haina kitu. Nilidanganywa? – Mama wa Kinindo*

Pole, mama. Hukudanganywa, pacha wako walitii. RAID 1 imewekwa kwa ajili ya jambo moja: diski moja ikifa jioni, nyumba iendelee kufanya kazi. Ukiandika, zote zinaandika; ukifuta, zote zinafuta, tena kwa wakati mmoja. Acha sasa hivi kuhifadhi chochote humo, kisha endesha PhotoRec ukitolea picha kwenye diski nyingine. Majina ya faili yatapotea, lakini sura ya baba huenda ikarudi.

Baada ya hapo shika kanuni ya tatu, mbili, moja: nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikae nje ya nyumba. Nje maana yake si chumba cha pili. Mwaka 2024 ziwa lilipopanda, watu wa Gatumba na Kibenga walijua maji hayachagui chumba. Radi nayo haichagui: utafiti wa satelaiti uliochapishwa 2016 uliitaja Kabare, hapo Kivu Kusini, kuwa kinara wa radi Afrika nzima. Nunua diski ya USB, ijaze, mpe dada yako wa Gitega, na kila anaposhuka mjini mbadilishane kwa nyingine uliyoijaza upya.

UPS inapiga kelele bure

*Shangazi, nimenunua UPS. Umeme ukikatika inalia, mimi nikiwa kazini, na nikirudi nakuta seva imezimika vibaya kama zamani. – Mvumilivu wa Kinama*

Umenunua honi. Iunganishe na seva kwa waya wa USB, uweke programu ya NUT, ili betri ikikaribia kwisha seva ijizime yenyewe kwa adabu. Kwenye diski nyingi namba 192 huonyesha ni mara ngapi vichwa vilikimbizwa pembeni ghafla kwa kukosa umeme. Isome, utajua jinsi mtaa wako unavyoishi. Mtambo wa umeme wa Rusumo unatoa megawati 80, lakini tunazigawana na Rwanda na Tanzania. UPS bado ni ya lazima.

Za haraka haraka

*Diski ya TB 4, kompyuta inaonyesha 3.63. Muuzaji kaniibia?* (Kamenge) Hapana. Kiwanda kinahesabu kwa elfu, kompyuta yako kwa 1024. Ila kama ni flashi ya TB 2 uliyouziwa kwa bei ya sahani ya maharage, ipime kwa programu ya f3, halafu rudi kwake ukiwa na shahidi.

*Kila umeme ukirudi seva inaamini tuko 2015, na tovuti zinaikataa.* (Musaga) Betri ya saa kwenye mazabodi imekwisha. Ni CR2032, volti 3, duara kama sarafu. Tovuti zinakataa kwa sababu vyeti vyake, kwa saa hiyo yako, bado havijazaliwa.

Masharti ya kuandika kwa Shangazi

Taja namba 5, 197 na 199. Sema kama waya umeshaubadilisha. Mwisho, sema nakala yako ya pili iko nyumbani kwa nani. Atakayeshindwa kujibu la mwisho atapewa pole tu, maana muda wa ushauri umeshampita.