Jinsi ya Kujenga Barabara Inayojua Kwamba Watu Wana Miguu

Ndugu mhandisi, kabla hujafungua kompyuta, nenda Mbezi Mwisho saa kumi na mbili na nusu jioni. Gari la ofisi liache Ubungo. Mkono mmoja beba ndoo ya dagaa, mkono wa pili mshike mtoto wa darasa la kwanza aliyechoka na anayetaka kukojoa. Kisha vuka Barabara ya Morogoro. Ukifika ng'ambo na ndoo, mtoto na viatu vyote viwili, uko tayari kuanza kuchora. Ukishindwa ukarudi ulikotoka, uko tayari zaidi.

Zoezi hili nalipendekeza kwa moyo mweupe, na ningependa liwe sharti kwenye kila mkataba wa barabara kuu inayopita pembezoni mwa mji. Mkandarasi avuke, mhandisi mshauri avuke, na anayesaini malipo naye avuke. Ndoo zipo, dagaa wapo, na watoto wa kuwashika mkono hawajawahi kukosekana Mbezi.

Ukishavuka, kaa chini upige hesabu ukiwa bado unahema. Kipande cha Kimara hadi Kibaha, kilomita 19.2, kilianza kupanuliwa mwaka 2018 kiwe na njia nane. Njia moja ya gari kwa kawaida ina upana wa mita 3.5. Njia nane ni mita 28, hapo hujahesabu nafasi ya katikati. Mtu mzima asiye na mzigo hutembea kama mita 1.2 kwa sekunde, kwa hiyo anahitaji sekunde 23 kumaliza lami yote. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hukata mita 22 kila sekunde. Katika sekunde hizo 23 limekula nusu kilomita. Yaani bibi anayetoka kununua nyanya anatakiwa aone gari lililo nusu kilomita mbali, akadirie mwendo wake kwenye mwanga wa jioni, afanye hivyo hivyo kwa magari ya upande wa pili, halafu aamue. Rubani hupewa vyombo vya kufanyia kazi hiyo. Bibi ana kanga na nyanya.

Sasa chukua mchoro wako uugeuze. Michoro mingi huanzia katikati ya barabara kwenda nje: kwanza njia za magari, kisha bega, kisha mtaro, na kinachobaki ndicho wanachopewa waendao kwa miguu, kama kimebaki. Wewe anzia kwenye kuta za nyumba na fremu za maduka, uje ndani. Weka njia ya miguu yenye mita mbili safi, isiyo na nguzo ya umeme katikati, ili viti viwili vya magurudumu vipishane bila mmoja kusukumwa mtaroni. Fuata na ukanda wa miti na biashara. Kisha njia ya baiskeli, mita mbili nyingine kila upande, ili guta lililosheheni kreti za soda lipite bila kumkwangua mtu. Magari yaje mwisho. Yana injini, yatajibana.

Na usiniambie nafasi haitoshi. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu hadi mita 30 kila upande kutoka katikati, jumla mita 60. Kwenye barabara hii hii, mwaka 2017, watu wa Kimara na Mbezi walivunjiwa nyumba kwa sababu ya hifadhi. Mtu aliyesimama akitazama sebule yake ikigeuka kifusi hawezi kuambiwa leo kwamba mita mbili za kupitisha miguu zimekosekana. Nafasi ilipatikana kwa gharama kubwa mno, na waliolipa ni wale wale wanaotembea.

Tufike kwenye daraja la waenda kwa miguu, maana najua ndilo linalokuwasha vidole. Linapendeza kwenye picha na linampa kiongozi kitu cha kufungua. Dar es Salaam inalijua siku nyingi. Manzese ina kituo kinachoitwa Darajani. Lakini kabla hujalichora, lipande. Ili lori lipite chini, sakafu ya daraja inakaa kama mita sita juu. Kwa ngazi za sentimita 15, hizo ni ngazi 40 kupanda na 40 kushuka. Kwa kiti cha magurudumu unahitaji mteremko wa mita 12 kwa kila mita moja ya kwenda juu, kwa hiyo mita 72 za kupanda na 72 za kushuka, hujaweka sehemu za kupumzikia. Mita 144, ili mtu avuke 28! Halafu tunamkuta kijana karuka ukuta wa katikati tunamwita mkaidi. Kijana kapiga hesabu ile ile, ila yeye kaipiga kwa magoti.

Mahali penye mabasi ya mwendokasi katikati na magari pande zote, kama Ubungo na Kimara, daraja lina sababu yake. Kwingine kote, mtu abaki chini na gari ndilo lipande. Inua kivuko chenyewe kiwe tuta pana, usawa mmoja na njia ya miguu, pundamilia juu yake. Kabla ya tuta weka rasta, ili dereva aliyesinzia aamshwe na meno yake mwenyewe. Katikati jenga kisiwa cha kusubiria chenye upana wa kutosha kwa mama, mtoto na baiskeli yenye keria, ili bibi wa nyanya apambane na upande mmoja kwa wakati mmoja. Mita 14 badala ya 28. Na kivuko ukiweke pale watu wanapovuka tayari. Hutahitaji utafiti, tazama majani ya katikati ya barabara, palipokanyagika pakawa pekundu ndipo penyewe. Ukikisogeza mita 200 kwa sababu mchoro unapendeza zaidi hivyo, utakuwa umejengea kunguru.

Utaambiwa: hii ni barabara kuu, ya kimataifa, inabeba malori ya Zambia, Kongo, Rwanda na Burundi, haiwezi kuwekwa matuta. Jibu lipo kwenye hesabu. Lori likienda kilomita 80 kwa saa, kilomita zile 19.2 zinalichukua dakika 14 na kitu. Likienda kilomita 50, dakika 23. Tofauti haifiki dakika tisa, kwa safari ya kwenda Tunduma ya zaidi ya kilomita 900. Dereva akisimama Chalinze kula chipsi mayai anatumia zaidi ya hizo. Tena kilomita 50 ndiyo sheria iliyopo kwenye maeneo ya makazi. Tuta halifanyi lolote jipya zaidi ya kuisoma sheria hiyo kwa sauti.

Sasa bodaboda. Hapa ninakuomba uvumilivu, kwa sababu ndipo njia nyingi za baiskeli zilipofia. Mradi wa mwendokasi ulioanza kubeba abiria mwaka 2016 ulijengewa njia za miguu na za baiskeli kando ya barabara hii hadi Kimara, na ilikuwa kazi nzuri. Pita leo uone zinavyotumika. Wengi hukimbilia kusema ziwekwe nguzo fupi za zege. Nguzo huzuia gari na huzuia bajaji. Bodaboda haizuiliki kwa nguzo, kwa kuwa upenyo wowote unaopitisha baiskeli unaipitisha na pikipiki. Kaa kituoni umtazame dereva mmoja. Abiria wake anakwenda mita 300 nyuma. Sehemu ya kugeuzia iko mbali mbele. Kwa kufuata sheria atazunguka kilomita kadhaa, kwa mafuta yake, kwa nauli ile ile ya jero. Kwa njia ya baiskeli ni dakika moja. Atapita wapi? Mchoro wako ndio uliomwelekeza huko. Weka sehemu za kugeuzia karibu zaidi, unganisha mitaa ya pembeni ili mtu aende mita 300 bila kugusa barabara kuu, mpe kijiwe chenye paa na sakafu kwenye kila kituo, kisha ndipo umlete askari. Ukianza na askari, utahitaji askari kila siku hadi ustaafu.

Mwambie hivyo hivyo na anayetaka kufukuza wauza matunda. Oktoba 2021 machinga waliondolewa kando ya barabara za Dar es Salaam, na sehemu nyingi wakarejea, kwa sababu mteja hakuhamishwa pamoja nao. Chora ukanda wao, mita moja na nusu kati ya miti, uwe na pa kumwagia maji machafu na taa. Muuza ndizi akiwa na mahali pake, yeye mwenyewe ndiye atakayemfokea mwenye gari aliyepaki juu ya njia ya miguu, na sauti yake inafika kuliko kibao chochote.

Mambo madogo yafanye haraka. Njia ya baiskeli ipite nyuma ya kibanda cha kituo, isipite katikati ya abiria na mlango wa daladala. Mifuniko ya mitaro iwe ya zege. Ya chuma huishia kwenye mizani ya vyuma chakavu. Kwenye mlango wa kituo cha mafuta, njia ya miguu iendelee usawa ule ule na gari ndilo lipande na kushuka. Taa zimulike njia ya miguu, maana gari lina taa zake. Panda mwarobaini. Usipande mnazi, utakuja kuniuliza kwa nini.

Na usidhani nakutuma ujifunze Ulaya. Hapa hapa Dar es Salaam, mradi wa SARSAI wa shirika la Amend umekuwa ukitengeneza mazingira ya shule za msingi kwa vitu vya bei ndogo: matuta, vivuko, kipande cha njia ya miguu, geti la shule kuhamishiwa upande wenye magari machache. Majeraha ya watoto barabarani yakapungua kwa zaidi ya robo, na mwaka 2019 ukatwaa tuzo ya kimataifa ya miji, WRI Ross. Watoto walewale wakitoka getini hukutana na barabara kuu. Barabara kuu iko chini ya TANROADS, uchochoro wanaotokea uko chini ya TARURA, na mahali pale viwili vinapokutana mara nyingi pana mtaro wa wazi na ubao wa kuvukia uliowekwa na mwenye duka la vocha. Wakutanishe wahandisi wa pande zote mbili juu ya ubao ule. Wasimame wote kwa pamoja, wazungumze hapo hadi wakubaliane nani anajenga karavati. Wakichelewa, ubao utawasaidia kuharakisha.

Siku ya ufunguzi, utepe usikatwe Kimara. Mpe mgeni rasmi baiskeli ya Phoenix, aende nayo kutoka Kibamba hadi Kimara Mwisho, msafara wake ukimfuata kwa miguu, waandishi wa habari wakiwa na ndoo. Atakapolazimika kushuka na kuisukuma, hapo chora msalaba mwekundu kwa chaki, mkandarasi arekebishe kabla hajalipwa fedha ya mwisho. Halafu kwenye kila nguzo ya taa andika namba ya simu ya kuripoti mfuniko uliovunjika, na kwenye bajeti ya matengenezo ya mwaka wa pili weka fungu la mifuniko, la rangi ya vivuko na la kufagia mchanga kwenye njia ya baiskeli baada ya masika.